Miguu Iliyokataa Kutoka Nje

Ninyi mtakaosoma haya, na hasa wewe uliyelala kitandani umeambiwa huna ugonjwa na huku unaumwa, nakusalimu. Mimi ni Febronia, bibi wa Kishanda, huku kwetu Muleba. Shule nilikwenda mpaka darasa la pili, baba akasema jembe linanisubiri. Kusoma sawasawa kulikuja baadaye, kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa na watoto. Kwa hiyo usitafute maneno makubwa hapa. Neno kubwa ni moja tu, na likifika nitalieleza. Nataka kusema jinsi miguu yangu ilivyokufa ikiwa mizima, na jinsi ilivyorudi. Nimeishi miaka mingi na nimeona mengi, lakini jambo la ajabu kama hilo sijaliona tena.

Kwanza ujue nilivyokuwa. Nilikuwa na nguvu. Nilibeba mkungu wa ndizi kichwani kutoka Kishanda mpaka sokoni Kagoma bila kuushika, mikono ikiendelea kusuka ukili njiani. Mutalemwa aliponioa, Uhuru ukiwa bado mpya, aliwaambia watu wazi kwamba aliiona shingo yangu kabla hajauona uso. Nikaingia kwenye kibanja chao, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, nikaishi pamoja na mama mkwe wangu, Ma Anastazia. Alikuwa mwanamke mkali. Na mimi ni mkali. Tulikaa kama visu viwili kwenye kikapu kimoja, tunagongana lakini kazi inakwenda. Nikazaa mtoto wa kwanza, nikazaa wa pili, na baada ya kila uzazi nilirudi shambani mapema kuliko walivyotaka.

Ikaja ujamaa. Tukafungua shamba la kijiji kule kwenye mbuga ya nyasi, wanaume na wanawake tukalima pamoja. Mwaka huo senene, wale panzi wa kijani wanaoliwa, walianguka wengi, mbuga ikawa kijani kibichi mpaka huoni udongo. Tukawakamata, tukawakaanga palepale kwenye sufuria kubwa ya kijiji.

Asiye wa huku lazima aelewe jambo moja. Zamani kwetu mwanamke alimkamata senene, alimnyonyoa mabawa na miguu, alimkaanga, akampelekea mumewe. Kumla mwenyewe, hapana. Ilisemwa kwamba mwanamke akila senene atazaa mtoto mwenye kichwa kama cha senene, kirefu, kilichochongoka. Hakuna mtu aliyewahi kunionyesha mtoto wa namna hiyo. Lakini nilimwogopa mtoto huyo tangu nilipoanza kusikia maneno.

Basi siku ile alikuwepo bwana wa maendeleo, Hamisi, kijana wa Bukoba mjini, Mswahili wa ulimi mwepesi. Alipoona wanaume wanakula na sisi tumekaa pembeni tumefunga mikono, akatuuliza:

“Akina mama, nchi imeshapata uhuru. Midomo yenu inapata lini?”

Wanawake walicheka na kutazama chini. Wengine walipokea senene kiganjani wakawaachia waanguke kwenye nyasi. Mimi nilikula. Nilikula kiganja kizima mbele ya watu wote, na walikuwa watamu, wana mafuta na chumvi. Sikujutia siku ile na leo sijutii. Mutalemwa alicheka sana. Ma Anastazia hakucheka. Alinitazama tumbo, maana nilikuwa na mimba, na ilikuwa imeanza kuonekana.

Nyumbani tulipokuwa tunamenya ndizi aliniambia bila kuinua kichwa, “Wewe umeshiba. Sasa tumngoje aliyemo ndani, naye aseme.”

Nilimjibu kwamba mtoto wangu atasema vizuri tu. Mdomo ulijibu hivyo. Lakini tangu siku hiyo kitu kiliingia ndani yangu kikakaa. Nilikuwa nikilima, ghafla najikuta nimesimama, napapasa tumbo kutafuta kichwa. Nikilala naota kitu kinachopapatika tumboni. Sikumwambia mtu. Mwanamke aliyekula mbele ya kijiji kizima atamwambia nani kwamba anaogopa?

Uchungu uliponishika haukwenda kama wa wale wawili wa kwanza. Ulikawia. Mtoto alikuwa mkubwa na alikwama, nikasukuma mpaka macho yakavilia damu. Alipotoka, alikuwa msichana, analia vizuri, viungo vyote vipo. Na kichwa kilikuwa kirefu, kimevutika kwenda nyuma, kimechongoka.

Ma Anastazia alimchukua akamsogeza mlangoni penye mwanga. Akamgeuza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayesali, “Waitu, jamani, amezaa senene.”

Hakuna aliyecheka mle ndani.

Kwetu mzazi akishapumzika siku zake chache hutoka nje na mtoto, akaketi mbele ya ukoo, mtoto akafunuliwa na kutazamwa. Hapo ndipo anakuwa mtu wa nyumba ile. Asubuhi ya kutoka ilipofika, niliwasikia wazee wakiingia uani, wakipeana buni za kutafuna, wakiuliza habari za kahawa. Nikajifunga kitenge. Nikampokea mtoto. Nikataka kuinuka.

Mguu wa kulia haukuwepo. Sijui niseme vipi vingine. Niliuona kwa macho, uko pale mkekani, lakini ndani haukuwepo. Nilijipiga paja kwa ngumi, ikawa kama napiga gunia la kahawa. Wa kushoto niliweza kuunyanyua kidogo nikiwa nimelala, lakini nikiukanyagia ulikunjika. Nilianguka na mtoto kifuani, mkunga aliyenizalisha akamdaka.

Ndipo ugonjwa ulipoanza kunila. Nitasema yote, maana mgonjwa akificha haponi. Nililala kwenye nyasi tulizotandika sakafuni, nikajikojolea, wakabadilisha nyasi, nikajikojolea tena. Choo kikubwa kilinifunga mpaka tumbo likawa gumu kama ubao. Ngozi ya juu ya matako ilichubuka, ikawa kidonda, kidonda kikanuka, na mimi mwenyewe nilikisikia. Maziwa yalipungua, mtoto akawa ananyonya kwa hasira. Mganga aliitwa. Alinichanja chale magotini akapaka unga mweusi, akasema nimefungwa na mizimu ya nyumba. Tulimpa mbuzi, akaondoka.

Sasa sikiliza ajabu ya kwanza. Kichwa cha mtoto kilirudi. Kabla kitovu hakijaanguka kichwa kilikuwa kimeanza kujirudi, na muda si mrefu kikawa cha mviringo kama cha mtoto mwingine yeyote. Ma Anastazia alisema ni mganga. Mimi nilimshika mtoto, nikakizungusha kile kichwa kwa viganja vyangu, nikaona kwamba nilichokuwa nakiogopa hakipo tena. Nikangoja miguu. Miguu haikuja.

Ukoo ukakaa kikao. Mutalemwa aliniletea maneno yao akiwa amesimama mlangoni, hawezi kuingia wala kutoka. Walisema mume wangu avumilie mpaka mavuno ya kahawa. Nisipoinuka, nitarudishwa kwa baba yangu ng'ambo ya bonde, yeye atafutiwe mwanamke mwenye miguu, na watoto wote watatu wabaki kwenye kibanja cha kwao. Huo ndio ulikuwa uzito wenyewe. Kufa sikukuogopa. Niliogopa watoto wangu kumwita mtu mwingine mama, na mimi nikiwa hai ng'ambo ya bonde nasikia moshi wa jikoni kwao.

“Nimewaomba kitu kimoja,” Mutalemwa alisema. “Nikupeleke hospitali kwanza.”

Wanaume wa kijiji walinibeba kwa machela, wakipokezana kila kilima. Ma Anastazia alifuata nyuma na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, maana mgonjwa lazima awe na mtu wa kumpikia.

Kwenye hospitali ya misheni alikuwepo daktari aliyeitwa Elia, Mpare, mtu wa kusema taratibu. Sista wa wodi alikuwa Adela, Mhaya mwenzetu. Walinisafisha kidonda, wakanipa dawa ya kulainisha choo, na siku nilipojisaidia nilishukuru kuliko wakati nilipopata mume. Kisha daktari alinichoma kwa pini kuanzia kidoleni mpaka kiunoni. Aligonga magoti kwa nyundo ndogo, mguu ukaruka wenyewe. Akagonga tena, ukaruka tena. Akasema mgongo ni mzima na mishipa ni mizima.

Nilikasirika. Nikamuuliza, “Daktari, unasema mimi mwongo?”

“Hapana, mama. Mwongo angeshatembea kwenda chooni watu wasipomtazama. Wewe umelala mpaka ngozi imeoza. Unaumwa kweli. Ila ugonjwa haukai mahali tulipokuwa tunautafuta.”

Akamwita Ma Anastazia. Akamwambia aweke kiganja chake chini ya kisigino cha mguu wangu wa kulia, ule uliokufa kabisa. Kwanza aliniomba niukandamize mguu huo chini. Nilijitahidi mpaka jasho likanitoka. Hakuna kitu. Kisha akasema, “Sasa achana nao. Nyanyua huu wa kushoto, na mimi nauzuia.” Akaweka mkono juu ya mguu wa kushoto. Nikanyanyua kwa nguvu zote, nikishindana naye.

Ma Anastazia akavuta mkono wake kama aliyeshika jivu la moto.

“Umenikanyaga,” alisema.

Daktari akamuuliza ni nini kilichomkanyaga. Akasema mguu. Mguu uliokufa umemkanyaga mkono. Aliurudisha mkono pale mwenyewe bila kuambiwa, wakanirudisha mimi pia kwenye kunyanyua, akahisi tena. Akakaa kwenye kitanda cha jirani bila kuomba ruhusa. Alikigeuza kiganja chake, akakitazama mbele na nyuma.

Mimi niliuogopa mguu wangu mwenyewe. Ulikuwa na nguvu wakati wote. Ulikuwa unanisikia nisipouita. Nililala pale nikitazama dari, nywele zimenisimama, nikajiuliza ni nani basi anayekaa ndani yangu, anayeamua mambo bila kuniambia.

Ndipo daktari alipolitaja lile neno kubwa. Alisema iko elimu inaitwa saikolojia, ni elimu ya nafsi na akili, jinsi mtu anavyofikiri na kuogopa na jinsi mwili unavyofuata. Alisema wengine wakiogopa huumwa tumbo, wengine hukosa sauti, wengine mikono hutetemeka. Kisha akaniuliza swali ambalo mganga hakuuliza. Siku miguu ilipokufa, nilikuwa nakwenda wapi?

Nikamwambia. Nilikuwa nakwenda nje, kumfunua mtoto.

Nililia hapo. Tangu nijifungue sikuwa nimelia.

“Akili yako haikutaka umpeleke,” alisema. “Wewe hukuituma, nayo haikukuuliza. Ilizima miguu ili usitoke.”

“Basi ni mimi niliyemroga,” Ma Anastazia alisema.

Daktari hakumlaumu wala hakumsafisha. Alimweleza tu kwamba mfupa wa kichwa cha mtoto mchanga haujashikana, na uzazi ukikawia kichwa hubanwa njiani kikavutika, kisha hurudi. Ma Anastazia akasema hayo ni maneno. Sista Adela akamchukua kwa mkono mpaka wodi ya wazazi. Walimkuta mke wa mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Bukoba, amejifungua kwa shida, mtoto wake ana kichwa kirefu vilevile. Sista alinisimulia baadaye. Mama mkwe wangu alisimama mbele ya kitanda cha watu, hata salamu hakutoa vizuri, akauliza, “Wewe mwanangu, ulikula senene?”

Yule mama akasema, “Bibi, hata harufu yao siiwezi. Wakikaangwa kwa jirani mimi nafunga dirisha.”

Ma Anastazia alirudi, akachukua sufuria, akaenda kupika. Siku ile ndizi ziliungua kidogo. Nilikula zote.

Nilidhani nikishajua nitainuka. Hapa wengi hukosea, kwa hiyo soma vizuri. Kujua ni mlango, lakini mlango haukubebi. Kila asubuhi Sista Adela alinisimamisha kati ya vitanda viwili. Nilikuwa nautazama mguu, nauamuru, nausihi. Kadiri nilivyoutazama ndivyo ulivyolegea, kama mtoto anayeona haya mbele ya mgeni. Nilianguka mara nyingi. Nilijigonga kidevu, nikauma ulimi. Kuna siku nilimwambia Sista aniache, wanirudishe kwa baba, yamekwisha.

Alimgeukia Ma Anastazia akamuuliza huyu nyumbani kazi yake ni nini.

Mama mkwe akanitazama shingo. Akasema, “Kubeba. Kishanda nzima hakuna anayebeba kama huyu.”

Hilo lilikuwa neno la kwanza jema kulisikia kutoka kinywani mwake tangu niolewe, na hakulisema kwangu.

Sista alituma jikoni, ukaletwa mkungu mdogo. Wakanisimamisha nimeshika vitanda, Ma Anastazia akakunja kitambaa akakiweka kichwani pangu, kisha mkungu juu yake. “Miguu usiijali,” Sista aliniambia. “Hiyo si kazi yako leo. Kazi yako ni mkungu usianguke.”

Shingo ilikumbuka. Niliisikia inanyooka, na mgongo ukaifuata, na kiuno kikaufuata mgongo. Mkungu uliyumba kidogo kuliani, mwili ukausahihisha. Kuusahihisha ni lazima mguu usogee, nao ukasogea. Sikuutazama. Nilikuwa natazama mbele, natunza uzito wangu. Ma Anastazia alikuwa mbele yangu anarudi kinyumenyume, mikono ameinyoosha, kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Alikuwa anasema kwa Kihaya, polepole, njoo, mwanangu, njoo.

Mama mmoja aliyekuwa anakohoa alizuia kikohozi. Nilifika ukutani. Nikauweka mkono ukutani, nikaelewa nimefika, na palepale magoti yakayeyuka. Lakini nilikuwa nimefika.

Tangu hapo haikuwa rahisi, ila ilikuwa njia. Mkungu, kisha ndoo ya maji, kisha kikapu kitupu, kisha kitambaa peke yake. Misuli ya mapaja iliuma kama nimelima ekari. Kidonda kilifunga. Maziwa yakaongezeka, mtoto akanenepa. Tuliporudi Kishanda kahawa ilikuwa inaiva mtini, bado haijachumwa, na vilima nilivyopandishwa kwa machela nilivishuka kwa miguu yangu.

Ukoo uliitwa tena. Nilikuwa ndani, nimejifunga kitenge, nimemshika mtoto, nikawasikia wazee uani kama siku ile. Nilipofika kizingitini baridi ilianza kupanda kutoka kwenye kisigino cha kulia. Nilijua ni nini. Nikaiambia, nimekuona. Kisha nikaacha kuitazama. Nilimtazama mtoto, jinsi shingo yake ilivyohitaji mkono, nikautunza uzito wake, nikatoka.

Mzee wa ukoo, Ta Ishengoma, ndiye aliyemfunua. Akakizungusha kichwa, akakitazama kila upande kama anayenunua mbuzi.

“Kichwa hiki ni cha baba yake,” alisema. “Kikubwa bila sababu.”

Walicheka mpaka Mutalemwa naye akacheka. Mtoto akapewa jina Kokugonza. Habari ya kurudishwa ng'ambo ya bonde haikusemwa tena na mtu.

Baadaye Sista Adela aliniita nikajifunze ukunga pamoja na wanawake wengine wa vijiji. Siku ya kusimama mbele ya watu waliosoma, kueleza nilichojifunza, ulimi ulikauka na mkono ukafa ganzi. Zamani ningesema siwezi, mimi ni wa darasa la pili. Safari hii nilijua huyo ni nani anayebisha hodi. Sikumfukuza, sikumkaribisha. Niliweka akili yangu kwenye kazi, mtoto anatoka vipi, kitovu kinakatwa wapi, na maneno yakaja. Ndivyo nilivyofanya kazi hiyo miaka yote. Nimepokea watoto wa Kishanda mpaka nimepokea watoto wa watoto hao. Na kila kichwa kirefu kikitoka, kabla mama yake hajauliza, namwambia, kitarudi, ngoja. Nasema mimi kwanza, kabla hajasema mtu mwingine.

Namshukuru Mungu aliyeuumba mwili unaoshangaza hivi. Namshukuru Mutalemwa aliyewaomba wazee wangoje. Namshukuru daktari aliyeamini kwamba naumwa. Na Ma Anastazia, ambaye mpaka anakufa aliwasimulia watu sokoni habari ya mguu uliomkanyaga, hakujificha, akijitaja mwenyewe na neno lake. Mwanamke mwingine angenyamaza.

Sasa shauri langu. Ukiumwa nenda hospitali, upimwe kwanza, usijitibu kwa kusikia. Ukiambiwa kila kitu ni kizima na wewe bado umelala, usione aibu, wala usikubali kuitwa mwongo. Jiulize ulikuwa unakwenda wapi mwili ulipokataa. Na wewe uliyesimama kando ya kitanda cha mzazi, chunga mdomo wako, maana neno lako linaweza kuingia mahali ambapo sindano haifiki. Vijana mnaosema hamuwezi kazi fulani, hamuwezi mtihani, hamuwezi kusimama mbele ya watu, nawaambieni hamjui mna nini ndani. Mimi nilikuwa na mguu mzima chini ya blanketi na sikujua.

Nimezeeka. Asubuhi magoti yanauma na nachelewa kutoka kitandani. Lakini nimejifunza kutofautisha uzee na woga. Ukiwa ni uzee, nakaa. Ukiwa ni woga, nainuka.